Aliyeonekana Shambani Usiku: Ushahidi wa Macho katika Rufaa za Uharibifu wa Mali, Bonde la Kilombero

Mpunga wa bonde la Kilombero ukishaanza kutoa masuke, familia nyingi huhama nyumbani na kwenda kuishi shambani mpaka mavuno. Mashamba yako mbali, ng'ambo ya mito na mabwawa, na zao lisilolindwa halifiki ghalani. Wenye shamba hujenga dungu la miti na nyasi. Mchana wanaamia ndege, usiku wanasikiliza. Kiboko akiingia, watapiga madebe kumfukuza na asubuhi watahesabu hasara yao wenyewe. Ng'ombe wakiingia, mambo huwa mengine kabisa. Ng'ombe wana mwenyewe, mwenyewe ana jina, na jina hilo hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha polisi Ifakara, kisha Mahakama ya Wilaya ya Kilombero.

Shtaka linalofunguliwa mara nyingi ni kuharibu mali kwa makusudi, chini ya kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 katika toleo la mwaka 2022. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 7, na mahakama inaweza kuamuru fidia juu yake. Kifungu hichohicho humpata aliyekata migomba ya jirani, aliyebomoa banda, aliyevunja taa za bodaboda baada ya ugomvi wa kilabuni. Moto una vifungu vyake na ni vikali zaidi: kuchoma nyumba kwa makusudi kunaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha, na kuchoma mazao shambani miaka 14.

Kwa kosa la kuharibu mali, upande wa mashtaka unabeba mzigo wa mambo manne. Mali iliharibiwa. Iliharibiwa kwa kukusudia. Aliyeiharibu hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Na aliyeiharibu ni huyu aliyesimama kizimbani. La kwanza huonekana wazi: mpunga umelala, masuke yameliwa, kinyesi na alama za kwato vimetapakaa. La nne ndilo linalochukuliwa kirahisi kuliko yote, hasa pale shahidi anaposema maneno ambayo mahakama za wilaya huyasikia kila wiki: "Mshtakiwa namfahamu, ni mtu wa kijijini kwetu."

Mhadhara huu unasimama juu ya hoja moja. Katika bonde ambamo mlalamikaji na mshtakiwa wanajuana kwa majina, kwa ukoo na kwa ugomvi wa miaka, kujuana kumepewa uzito ambao sheria haikuupa. Kumfahamu mtu ni jambo moja. Kumwona usiku ule, kwa umbali ule, kwa mwanga ule, ni jambo jingine linalohitaji ushahidi wake lenyewe. Wakili au mfungwa anayeandika sababu za rufaa bila kutenganisha mambo haya mawili anaiacha nje hoja yake yenye nguvu kuliko zote.

Kuna sababu ya kulisema hili kuhusu Kilombero hasa. Eneo oevu la bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki. Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wabena wamelima na kuvua humu tangu zamani. Katika miongo ya karibuni wamefika Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig na mifugo yao, huku mashamba makubwa ya miwa Kidatu, ya misaji na ya mpunga Mngeta yakishika sehemu yake, na hifadhi zikishika yake. Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na maelfu ya ng'ombe waliswagwa kutoka. Wengine walirudi. Katika mkoa huuhuu wa Morogoro, wilayani Kilosa, mapigano ya wakulima na wafugaji ya Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni yaliua watu 38.

Mkulima aliyelala dunguni akiwa na historia hiyo kichwani hasikilizi gizani kama mtu asiye na fikra. Tayari ana jina mdomoni. Wiki iliyopita aligombana na fulani kuhusu njia ya mifugo. Leo anasikia kwato, anaona kivuli cha mtu mwenye fimbo na shuka, na kivuli kinapata jina palepale. Hasemi uongo, na hapo ndipo palipo na hatari. Shahidi mwongo hujikanyaga akiulizwa maswali ya dodoso. Shahidi mkweli aliyekosea hujibu kwa utulivu, hatikisiki, na hakimu anaandika katika hukumu kwamba amemwona kuwa shahidi wa kuaminika.

Majaji wa Tanzania wameyajua haya kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1953, katika shauri la Abdallah bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja wa utambuzi unaweza kutosha kisheria, lakini lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa hasa mazingira yanapokuwa magumu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoundwa 1979 haikukawia. Katika shauri la Waziri Amani, lililochapishwa katika ripoti za sheria za 1980, ilitamka kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote, na mahakama isiutegemee kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataja pia mambo ya kuulizwa: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwa mzuri au hafifu, na je, aliwahi kumwona kabla ya siku hiyo?

Angalia mpangilio wa orodha hiyo. Kufahamiana ni swali moja kati ya maswali kadhaa, na halifuti mengine. Shahidi anaweza kuwa amezaliwa nyumba moja na mshtakiwa, na bado mahakama ikahitaji kujua umbali ulikuwa hatua ngapi na mwanga ulitoka wapi. Katika rufaa ya Shamir John Mahakama ya Rufani ililisema waziwazi: kumtambua unayemfahamu kunaaminika zaidi ya kumtambua mgeni, lakini watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki wa karibu. Wazo hilo lina asili yake katika shauri la Turnbull la Uingereza la mwaka 1976, na kila aliyewahi kumwita mtu barabarani kwa jina la mwingine analijua bila kufundishwa na jaji.

Tuchukue shauri la mfano, lisilo la mtu yeyote, ila limejengwa kwa vifaa ambavyo hakimu yeyote wa Ifakara atavitambua. Hati ya mashtaka inasema kwamba mnamo tarehe fulani ya Mei, saa nane usiku, mshtakiwa aliingiza ng'ombe arobaini katika shamba la mpunga la mlalamikaji na kuharibu ekari tatu. Shahidi wa kwanza, mwenye shamba, anasema alikuwa dunguni, akasikia ng'ombe, akachungulia, akamwona mshtakiwa kwa mwanga wa mbalamwezi akiwa amevaa shuka jekundu. Akapiga kelele, mtu yule akakimbia. Shahidi wa pili, jirani wa shamba, alifika baada ya kelele na kuwaona ng'ombe. Wa tatu ni afisa ugani aliyekwenda siku nne baadaye kufanya tathmini. Wa nne ni askari mpelelezi. Mshtakiwa hana wakili. Anajitetea kwamba usiku ule alikuwa amelala kwake. Anatiwa hatiani.

Rufaa inaanzia hapo, kwenye dungu.

Dungu lina urefu gani, na kutoka dunguni hadi aliposimama mtu yule ni hatua ngapi? Mpunga wa Mei hufika kiunoni. Nyuma ya ng'ombe arobaini ni sehemu gani ya mwili wa mtu huonekana? Shahidi alichungulia kwa muda gani kabla ya kupiga kelele, na baada ya kelele mtu yule alimwonyesha uso au kisogo? Ikiwa mwenendo wa shauri hauna majibu, basi ushahidi huo haukuwahi kutolewa. Mahakama ya Rufani ilisema katika shauri la Raymond Francis la 1994 kwamba kesi inapotegemea utambuzi, ushahidi wa mazingira yanayosaidia utambuzi sahihi ni wa umuhimu wa juu kabisa. Kazi ya kuuleta ni ya mwendesha mashtaka. Hakimu haruhusiwi kujazia kwa kuwa anaijua Ifakara na mbalamwezi yake.

Kuhusu mwanga, mahakama imekwenda mbali zaidi. Katika rufaa ya Issa Mgara ya mwaka 2005 ilisisitiza kwamba haitoshi shahidi kutamka kulikuwa na mwanga. Lazima aeleze ulitoka kwenye nini na ulikuwa na ukali kiasi gani. Chemli, kibatari, tochi ya betri, taa ya sola na mwezi havitoi mwanga mmoja. Kanuni hii imefuta hukumu nyingi ambazo zilijengwa juu ya sentensi moja tu: kulikuwa na mbalamwezi.

Hapa sayansi inafaa kuitwa. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Uholanzi Willem Wagenaar na mwenzake walipima jinsi watu wanavyotambua sura kwa umbali na mwanga tofauti, wakitafuta kipimo ambacho mahakama zinaweza kukitumia. Walipendekeza kile kilichoitwa kanuni ya kumi na tano: utambuzi wa sura uanze kuaminiwa pale umbali usipozidi mita 15 na mwanga usipopungua luksi 15. Vipimo vile vilihusu sura za watu wageni, na mtu unayemfahamu huweza kutambulika mbali zaidi kidogo, tena kwa mwendo na umbo. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno. Mwezi mpevu, mbingu ikiwa safi, hutoa mwanga usiozidi sehemu tatu za kumi za luksi moja. Ni mara hamsini chini ya kipimo kile.

Na shuka jekundu? Jicho la binadamu lina seli za aina mbili za kupokea mwanga. Zinazotambua rangi huhitaji mwanga wa kutosha. Zinazofanya kazi gizani hazina habari ya rangi. Chini ya mbalamwezi nyekundu huonekana kama weusi. Shahidi anayeapa kwamba aliona shuka jekundu kwa mwanga wa mwezi kwa umbali wa mita thelathini anaeleza anachokijua kuhusu mavazi ya wafugaji, na huenda hata mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Kwa mtetezi hili ni swali la thamani kubwa, kwa sababu linaonyesha mahali ambapo fikra imejaza pengo la jicho.

Tena kuna suala la kama mwezi ulikuwepo kabisa. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati wa magharibi, jua linapotua. Kila usiku unaofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Ikiwa tarehe iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka inaangukia siku ya 25 ya mwezi mwandamo, basi saa nane usiku mwezi haujachomoza. Mzee yeyote anayefuata kalenda ya Kiislamu angelisema hilo bila kufungua kitabu. Hoja ya aina hii ilimwokoa mtu huko Marekani mwezi Mei 1858, katika mji wa Beardstown, Illinois. Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, alimtetea kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji. Shahidi aliapa kwamba aliona tukio lote kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu. Lincoln akatoa almanaka ikionyesha kwamba saa ile mwezi ulikuwa chini kabisa, ukikaribia kuzama. Kijana aliachiwa huru. Na kwa Kilombero, Aprili na Mei kuna jambo la ziada: masika. Wingu likitanda, tarehe nzuri ya mwezi haisaidii.

Tochi nayo ina hadithi yake. Mashahidi wengi siku hizi husema waliona kwa tochi ya simu, na mahakama hupokea kana kwamba ni taa ya umeme. Ni muhimu kuuliza tochi ilikuwa mkononi mwa nani. Ikiwa ni ya shahidi, ilimulika umbali gani na ilitua usoni au mgongoni? Ikiwa ni ya yule aliyekuwa shambani na aliielekeza dunguni, shahidi alipofushwa kwa wakati uleule anaodai aliona. Jicho lililozoea giza kwa nusu saa hupoteza mazoea hayo kwa mmuliko mmoja.

Baada ya mwanga linakuja jina, na hasa lilitajwa lini. Mwaka 2002, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dhamana kubwa ya kuaminika kwake, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama makini isite na kuuliza. Katika shauri letu la mfano jirani alifika dakika chache baada ya kelele. Je, aliambiwa jina palepale? Kama aliambiwa, mbona hakulisema mahakamani? Mwenyekiti wa kitongoji alipigiwa simu alfajiri, alitajiwa nani? Maelezo ya kwanza polisi yanasema mshtakiwa, au yanasema "mfugaji mmoja"?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka hakimu kuhakikisha mshtakiwa anapewa nakala ya taarifa ya kwanza ya mlalamikaji ambaye ni shahidi. Ni haki ambayo washtakiwa wengi hawajui kuidai. Karatasi ile moja ina uzito kuliko utetezi mrefu wa kiapo, kwa sababu imeandikwa kabla ya vikao vya usuluhishi, kabla ya afisa ugani kufika, kabla kijiji kizima hakijakubaliana ni nani alifanya. Kwa haki ya upande wa pili iongezwe kwamba kuchelewa kuna sababu zake bondeni. Mafuriko hukata njia. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, mtu wa upande wa Ulanga alisubiri pantoni ili afike Ifakara. Kinachodhoofisha shauri ni ucheleweshaji usio na maelezo, na maelezo yanapaswa kutoka kwa shahidi mwenyewe, siyo kwa wakili wa Serikali akiwa mbele ya jaji wa rufaa.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba kumtambua ng'ombe si kumtambua mtu. Mara nyingi wakulima huamka, wanafuata nyayo mpaka zizini, na mwenye zizi anakamatwa. Hapo hakuna aliyeonwa. Ni ushahidi wa kimazingira, na tangu shauri la Simon Musoke la 1958 kipimo chake ni kwamba mazingira yote yaelekeze kwenye hatia tu bila kuacha maelezo mengine ya busara. Njia ya mifugo hupitwa na makundi mengi. Alama za moto na hereni chini ya Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 zinaweza kusema ng'ombe ni wa nani, ikiwa mtu aliziandika usiku ule au asubuhi ile. Haziwezi kusema ni nani aliyewaswaga. Katika jinai kila mtu hubeba kosa lake. Mwenye mifugo aliyelala kwake huku mchungaji wake akilisha shamba la mtu hana kosa la jinai mpaka ithibitishwe kwamba alimtuma au alimsaidia. Na ng'ombe waliokatika zizini wakaingia mpungani bila mtu wamesababisha hasara ya kweli, lakini makusudi hayapo. Njia ya mkulima hapo ni shauri la madai, ambalo huamuliwa kwa uzito wa ushahidi ulioelemea, na ni njia ya heshima inayoweza kumrudishia fedha zake haraka kuliko kumfunga mtu.

Makosa ya kumtia hatiani asiyehusika ndiyo yaliyozaa hata mahakama ya rufaa za jinai ya Uingereza. Mwaka 1903, katika kijiji cha Great Wyrley, wanyama wa wakulima walikuwa wakikatwakatwa usiku malishoni. Polisi walimkamata George Edalji, wakili kijana, mtoto wa mchungaji wa kanisa mwenye asili ya Bombay, familia ambayo majirani walikuwa wameichukia kwa miaka. Alihukumiwa miaka 7 kwa kumjeruhi farasi mdogo. Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi, alipoichunguza kesi aligundua kwamba Edalji alikuwa haoni mbali kiasi kwamba kuvuka mashamba na reli usiku wa giza na kumpata mnyama kungekuwa kazi isiyowezekana. Hakuna aliyemwona pale. Aliachiwa 1906 na kusamehewa 1907. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na Adolf Beck, aliyehukumiwa 1896, naye miaka 7, baada ya wanawake mmoja baada ya mwingine kumwonyesha kidole kwamba ndiye aliyewatapeli. Wote walikosea, tapeli halisi alipatikana mwaka 1904, baada ya Beck kutiwa hatiani mara ya pili. Bunge la Uingereza likaunda Mahakama ya Rufaa za Jinai mwaka 1907. Kesi ya Edalji ina funzo la karibu sana na Kilombero: kosa dhidi ya mali ya wakulima, usiku, na familia ambayo kijiji kilikuwa tayari kimeshaihukumu.

Rufaa ya kwanza, kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, ina nguvu ambayo warufani wengi hawaitumii. Tangu shauri la Pandya la 1957 ni wajibu wa mahakama ya rufaa ya kwanza kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Kwa hiyo mrufani haombi huruma. Anaomba mwenendo usomwe mstari kwa mstari. Akisema katika sababu zake "hakimu alikosea kunitia hatiani" atakuwa amesema kila kitu na hajasema chochote. Akisema "shahidi wa kwanza hakueleza ukali wa mbalamwezi, umbali, wala muda wa kutazama, na hakuna ushahidi kwamba alinitaja kwa shahidi wa pili aliyefika papo hapo", jaji ana mahali pa kushika.

Pembeni ya utambuzi kuna nyufa nyingine za kukaguliwa. Tarehe ya hati ya mashtaka ilingane na ya mashahidi. Shauri la Abel Masikiti lilianguka kwa tofauti hiyo, kwa kuwa hati haikurekebishwa. Taarifa ya tathmini ya afisa ugani lazima ipokelewe kwanza kama kielelezo kisha isomwe kwa sauti mahakamani, kwa mujibu wa kanuni ya Robinson Mwanjisi ya 2003. Isiposomwa, hufutwa kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti wa kitongoji aliyepokea taarifa ya kwanza asipoitwa bila sababu, shauri la Aziz Abdallah la 1991 linairuhusu mahakama kuhisi kwamba ushahidi wake ungeukwaza upande wa mashtaka. Na pale kiini cha ugomvi kikiwa ni ardhi yenyewe, mshtakiwa akiamini kwa dhati kwamba shamba ni lake, Kanuni ya Adhabu inamkinga, na mahakama zimerudia kusema kwamba mgogoro wa umiliki uamuliwe kwanza kwenye shauri la madai.

Udhaifu mkubwa wa warufani wetu hutokea mapema, kwenye maswali ya dodoso. Mshtakiwa asiye na wakili anapopewa nafasi ya kumuuliza shahidi, mara nyingi husema, "Mama, kwa nini unanisingizia?" Mama anajibu, "Sikusingizii, nilikuona." Hakimu anaandika jibu tu, na ushahidi wa mashtaka unatoka hapo ukiwa na nguvu kuliko ulivyoingia. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba jambo asilolihoji mshtakiwa huhesabiwa amelikubali. Kanuni hiyo ni ngumu kwa mchungaji ambaye hakumaliza shule ya msingi, na mahakama zingefanya haki kuilegeza kwa wasio na wakili. Mpaka hapo, maswali manne yanatosha kuandikwa kwenye kiganja: ulisimama wapi nami nilikuwa wapi, mwanga ulitoka kwenye nini, uliniona kwa muda gani, na ulimtajia nani jina langu kwanza.

Ikiwa jaji ataona utambuzi haukuthibitishwa, mrufani huachiwa huru. Upande wa mashtaka hupenda kuomba kesi isikilizwe upya. Shauri la Fatehali Manji la 1966 linajibu ombi hilo: usikilizaji mpya ni kwa kesi ya awali iliyoendeshwa kinyume cha sheria au kwa kasoro, na hauwezi kutolewa ili mashtaka yapate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Amri ya fidia iliyotolewa pamoja na hukumu huanguka nayo, ingawa mkulima bado anaweza kufungua madai yake.

Muda ndio unaowapiga wengi. Kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika toleo la 2022, kinataka taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10 tangu uamuzi, na maombi ya rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda uliohitajika kupata nakala za mwenendo na hukumu. Kwa kesi zilizoanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri mengi madogo ya kuharibu mali husikilizwa, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Rufaa za kutoka Mahakama ya Wilaya sasa husikilizwa katika Masjala ya Mahakama Kuu Morogoro, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara, wakati zamani zilikwenda mpaka Dar es Salaam. Aliye gerezani Kiberege au Idete halazimiki kusafiri wala kumtuma ndugu: sheria inamruhusu kukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye mkuu wa gereza analazimika kuzifikisha mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wanaweza kumsaidia kuziandika, na cha kwanza wanachopaswa kukiomba ni nakala ya taarifa ile ya kwanza iliyotolewa polisi asubuhi baada ya tukio.